Uzi wa Machi Ndani ya Tangi

Jumatano, 1 Machi 1961

Leo nimemfunga Kalina martenitsa yake. Uzi mwekundu na uzi mweupe, zimesokotwa pamoja, fundo mara tatu kwenye mkono wa kushoto. Afya, afya, afya — kama mama alivyokuwa akitufunga sisi. Muuguzi wa zamu alikunja uso, eti uzi unabeba uchafu wodini. Nikamwonyesha mkono wake mwenyewe. Naye kajifunga. Akacheka, akaenda zake.

Leo Sofia nzima ina uzi. Kondakta wa tramu, mkurugenzi wetu, hata mbwa wa jirani. Tutautoa siku tukimwona korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua, tuufunge kwenye tawi. Kalina kauliza: mimi nitamwonaje korongo nikiwa kitandani? Dirisha lake linatazama ukuta wa jiko la hospitali. Nikamwambia korongo atakuja tu. Jibu la kijinga. Akanitazama kwa macho ya baba yake, yale ya mama-usinidanganye.

Halafu akasema: tazama. Akafunua blanketi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikainama. Kidogo. Kikanyooka tena.

Tangu polio imlaze Septemba, mguu ule ulikuwa gogo. Ana miaka sita. Nilitoka ukumbini nikalia ndani ya koti langu.

Daktari Mutafova anasema ni zile sindano. Mzunguko wa kwanza umefanya kazi, sasa inatakiwa wa pili, tena usivuke mwanzo wa kiangazi, maana mishipa ya fahamu haingoji. Dawa ya mzunguko wa kwanza niliipika mwenyewe maabara, kwenye vyombo vya kioo, kijiko kwa kijiko. Imekwisha. Wodini wamejaa watoto, na hospitali nyingine zinasubiri. Ya pili itatoka kwenye maua ya mwaka huu. Yaani kwenye tangi langu.

Ijumaa, 17 Machi

Malori ya kwanza yameingia kiwandani. Kokiche, magunia kwa magunia, na vitunguu vyake vya chini na matope ya kinamasi cha kule karibu na bahari. Ua dogo jeupe, linatoboa theluji kabla ya kitu kingine chochote. Ukumbi mzima unanuka udongo baridi. Wanawake wa ushirika wanalichuma wakiwa wamezama hadi magotini. Sijawahi kuwaona.

Miaka mitatu kazi yangu imekuwa hii moja: kuitoa dawa kwenye kioo na kuiingiza kwenye chuma. Watu wanadhani ni kuzidisha. Ulichofanya mara moja, kifanye mara elfu, basi. Ndugu Dochev, mkurugenzi, naye alidhani hivyo. Mwaka juzi tukazidisha, tukapata gundi nyeusi! Kwenye chombo cha kioo joto linatoka lenyewe. Kwenye tangi linakaa katikati, linaunguza kile kile unachokitafuta, na wewe umesimama nje umeshika bomba ukidhani mambo ni shwari. Ilibidi nijifunze upya kila hatua. Kukata, kuchanganya na chokaa, kuvuta kwa kiyeyushi, kurudisha kwenye maji ya asidi, kuvuta tena, mwisho spiriti na baridi. Ndipo fuwele zinashuka. Nyeupe.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tunapika dawa ya nchi nzima.

Evlogi, fundi mkuu wa matangi, alipanda ngazi akachungulia tangi. Ndugu Injinia, akasema, leo ametulia huyu, kama mama mkwe aliyeshiba. Nikamwambia mama mkwe wake akimsikia atamkomesha. Hawezi, akasema, ni kiziwi — ndiyo maana tunapendana.

Jumamosi, 1 Aprili

Metodi kamwona korongo. Alikuwa anageuza tramu mwisho wa reli, akamwona juu ya bomba la moshi, mguu mmoja juu. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo korongo huyo mmoja alimtosha kwa chakula chote. Tumetoa nyuzi zetu, tumezifunga kwenye mlozi uani.

Kalina kakataa. Hatoi mpaka amwone korongo kwa macho yake, na mti auendee kwa miguu yake, tena auchague mwenyewe. Muuguzi alibembeleza. Wapi.

Kidole kimelegea. Kilikuwa kinainama, sasa kinatetemeka tu. Daktari Mutafova aliandika tu. Ananitia hofu anapoandika bila kusema.

Lori la mwisho limeingia jana. Hakuna kokiche tena mpaka mwakani.

Ijumaa, 7 Aprili

Ni ya waridi.

Nimekaa naiangalia sentensi hiyo. Asubuhi Evlogi aliingia ofisini bila kubisha, kofia mkononi. Binti, njoo. Ananiita binti mambo yakiharibika. Tukashuka kwenye tangi kubwa, lile tunamokusanya maji ya asidi kutoka malori yote kabla ya kuyasafisha. Dawa yote ya mwaka imo humo. Maji hayo hutoka na rangi ya chai nyepesi. Alifungua bomba kwenye glasi. Waridi! Waridi ya pipi za watoto. Nikamwambia afunge, afungue tena. Sijui nilitegemea nini.

Dochev alikuja mbio. Akaitazama glasi, akatutazama sisi, kisha akapiga paji la uso. Mayai! Jana ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ya kutia mayai rangi. Akaenda moja kwa moja chumba cha kuoshea vyombo, sisi nyuma yake, na kweli, chini ya kabati la kukaushia palikuwa na kapu la mayai ya Pasaka, mekundu, yamepangwa juu ya taulo ya kiwanda. Yamechemshwa kwenye bika zangu, vile vyombo vya kioo vya maabara. Akaanza hotuba: ushirikina, mali ya umma, katika nchi inayojenga ujamaa. Wanawake walisimama wameinamisha vichwa. Mmoja akasema kwa upole kwamba, Ndugu Mkurugenzi, rangi hiyo alituletea mkeo.

Hotuba ikaishia hapo.

Ningecheka siku nyingine. Lakini mayai yalipikwa jana, na mimi nina chupa za sampuli za Jumanne kabatini. Nilizitoa, nikaziinua dirishani. Nazo ni za waridi, hafifu kidogo. Si mayai.

Jumamosi, 8 Aprili

Tumefukua makapi, mimi na Evlogi, lile lundo la maua yaliyokamuliwa nyuma ya ukumbi. Nikashika kitu laini. Nikavuta. Uzi. Halafu mwingine, halafu mafundo kadhaa. Sufu, imegeuka kijivu, imekamuliwa rangi yote, isipokuwa ndani ya fundo ambako kiyeyushi hakikufika. Humo bado ni nyekundu.

Martenitsa. Magunia ya mwisho yalijaa martenitsa. Zimefungwa kwenye vishada vya maua, na mashine ya kukatia haikubagua.

Evlogi alikaa juu ya ndoo. Mimi nilisimama nikapiga hesabu ya kemia kichwani, na kila nilipofika mlango ulikuwa wazi. Rangi ya nyuzi za mwaka huu ni ya bei rahisi, inachuja ovyo, na kwa bahati mbaya ina tabia ya dawa yetu. Inapokwenda dawa, nayo inakwenda. Chokaa inaifukuza kwenye maji, kiyeyushi kinaipokea, asidi inaiita irudi. Miaka mitatu nimejenga milango ili dawa ipite na kila kitu kingine kibaki nje. Huyu kapita yote nyuma yake. Naona hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 12 Aprili

Nimetumwa kinamasini kuuliza. Dochev alitaka niende na karatasi yenye neno "hujuma". Nikamwambia kwanza nijue ninayemtia jela ana umri gani.

Treni, halafu gari la ushirika, matope mpaka milangoni. Nilikuta kijiji kizima kimezunguka redio. Warusi wamempeleka mtu angani! Amezunguka dunia, amerudi, mzima. Wanaume wanapeana mikono kana kwamba wao ndio waliomrusha. Mzee mmoja aliuliza kama kule juu alikuta kuna baridi.

Kiongozi wa wachumaji anaitwa Bibi Kerana. Mfupi, mikono imepasuka kwa maji ya baridi, sauti ya kuitia ng'ombe. Nikaweka fundo moja mezani pake. Akalitambua hapo hapo, akafurahi. Akaita wenzake: njooni, injinia wa dawa kaja, zimefika!

Zimefika. Ndivyo alivyosema.

Akanieleza huku akinimiminia supu ya maharage. Mwaka huu katibu wa ushirika aliwaambia maua yanakwenda wapi. Miaka yote walidhani ni manukato. Alipowaambia ni ya watoto waliopooza, na korongo walikuwa wameshatua kinamasini, wakakubaliana nyuzi zao wasifunge kwenye miti. Wafunge kwenye maua. Afya yote ya mwezi mzima iende kwa wale watoto. Hata wajukuu wao walivua zao.

Sasa mwanangu, akasema, ulitaka tuyatume mikono mitupu?

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikula supu. Halafu nikawaambia. Sikuweza kutowaambia, mwakani watafanya tena. Nikasema rangi imeingia kwenye dawa, dawa yote, na huenda ikamwagwa. Bibi Kerana alilichukua lile fundo, akaligeuza, akalirudisha mezani taratibu. Akaniuliza kama nina watoto.

Nikasema ninaye mmoja. Akauliza, anatembea?

Nikatazama redio. Naye akaelewa, akatoka nje bila kuvaa shali.

Ijumaa, 14 Aprili

Dochev kaniuliza ni nani. Nikasema ni vikongwe na wajukuu, na kama ni hujuma basi aanze kumkamata kila mtu aliyevaa uzi Machi, yeye mwenyewe akiwemo. Akachana karatasi. Si mtu mbaya. Anaogopa wizara, na wizara inaogopa watu wengine.

Mkaa haufai. Nimejaribu aina zote tulizonazo. Mkaa unameza rangi vizuri sana, na unameza dawa pamoja nayo, zaidi ya nusu. Kwa kile kitakachobaki hospitali za mji mkuu hazitagusa kitu. Wizara imeshapanga mikoa ianze, wagonjwa wapya kwanza. Kalina si mgonjwa mpya.

Jumamosi, 15 Aprili

Leo nimeona maji meupe, na ningependa nisingeyaona.

Nilitia chembe za ile chumvi ya salfa tunayotumia kuzuia dawa isichachuke. Chembe tu. Waridi ikafa palepale kwenye glasi. Maji safi, kama ya kisimani. Kwa dakika nzima nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Sofia.

Kisha kemia ikanirudia. Nikadondosha tone la formalini, ambayo huishika chumvi hiyo na kuiachia rangi. Zambarau ikapanda kutoka chini ya glasi, nzito kuliko mwanzo. Rangi haikuondoka. Ilijificha.

Dochev alikuwa nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akasema, Rusana — jina langu, bila ndugu, bila injinia. Akasema, nani ataweka formalini ndani ya mtoto? Chumvi hiyo inaruhusiwa. Vichupa vyetu ni vya kioo cha kahawia, hata ungetia wino ndani nani angeona? Rangi yenyewe ni chembe. Pengine haina madhara.

Nikasema, pengine. Hiyo dawa inachomwa watoto kila siku kwa wiki nyingi. Nikamwuliza: wewe ungemchoma wa kwako?

Akavua miwani. Wangu wanatembea, akasema. Mimi nakuuliza wewe.

Fomu ya kuthibitisha ubora haina nafasi ya saini ya mtu mwingine, ni ya mkemia mkuu tu, yaani mimi. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Baadaye wizara itatuma mtu wa kuamua, ama kujaza vichupa ama kumwaga.

Nyumbani nilimwambia Metodi yote. Alikuwa anang'arisha viatu. Akasema: saini. Nikasema hujanielewa. Akasema nimekuelewa, ni rangi ya uzi. Watoto wa nchi hii wanafungwa uzi huo tangu wakiwa wachanga, wanaunyonya, wanalala nao. Nikasema mkononi, Metodi, si kwenye damu. Akasema, na kiangazi kikifika? Akaviweka viatu chini, akavichukua tena, akaanza kuving'arisha upya. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniomba kitu mara mbili. Leo kaniomba mara tatu. Ya mwisho alisema kwa sauti ndogo mno: saini tu, mama Kalina.

Jumapili, 16 Aprili

Niliamka nimeshakata shauri kwamba nitasaini. Naandika hivi ili niujue ukweli wangu.

Nilikwenda hospitali kumwona kabla ya hapo. Kidole hakikusogea. Kalina alijitahidi mpaka mshipa wa shingo ukasimama, akachoka, akasema labda kimelala. Akanionyesha mkono badala yake. Walimwogesha jana, na muuguzi, kwa kuwa mtoto kakataa kuvua, akausugua uzi huko huko mkononi kwa sabuni na maji ya moto. Analalamika: mama, umeharibika, sasa zote nyekundu.

Nikaushika ule mkono.

Uzi mweupe ulikuwa wa waridi. Ule mwekundu umepauka, na mweupe umeinywa rangi yake, sawasawa, mpaka ndani ya nyuzi. Ngozi yake safi. Shuka safi. Nikamwuliza muuguzi, beseni lilibaki na rangi? Akasema hata kidogo, maji yalibaki meupe, yeye mwenyewe alishangaa.

Rangi ilitoka kwenye sufu ikarudi kwenye sufu. Haikutaka maji. Sufu ndiyo nyumbani kwake. Na tulijifunza hili chuoni! Wakaguzi wa chakula wanachemsha uzi mweupe wa sufu kwenye sharubati kumnasa mwenye duka anayetia rangi ya nguo. Nimelijua miaka kumi na tano nikaliacha kwenye daftari la mtihani.

Nilimbusu mkono mpaka akasema basi mama, ndevu za baba zinachoma kidogo kuliko hivyo. Sijui alimaanisha nini. Nilikimbia kwenye tramu.

Jumatatu, 17 Aprili

Bika moja. Maji ya waridi, asidi imepunguzwa mpaka ikaribie kuisha, vuguvugu. Sufu nyeupe iliyooshwa ikatoka mafuta. Koroga. Subiri.

Sufu imetoka waridi. Maji yamerudi rangi ya chai.

Nikatia formalini. Nikasubiri zambarau. Haikuja. Nikapima dawa: ipo, karibu yote.

Evlogi alichungulia bika, akachungulia uso wangu. Kaenda kufunga mlango ili nilie bila wafanyakazi kuona.

Ijumaa, 21 Aprili

Bika si tangi. Nani anajua hili kuliko mimi? Kwenye tangi sufu imejiviringa kwenye mkono wa kuchochea, ikawa donge, katikati kavu. Rangi imepungua robo, ikagoma. Dochev akasema nilijua. Evlogi kamjibu kwamba alichokijua yeye ni mayai.

Nimefikiri. Tangi halitakiwi kuchochewa. Sufu ikae palepale, imefungwa kwenye vizimba, na maji ndiyo yatembee, yapite polepole kwa pampu, yarudi, yapite tena. Evlogi anatengeneza vizimba kwa wavu wa chuma. Sufu zaidi inatakiwa, nyingi, nyeupe, isiyoguswa na rangi wala sabuni ya manukato. Kiwanda cha nguo kinasema kibali kitachukua wiki.

Jumatano, 26 Aprili

Sufu imefika. Si ya kiwanda cha nguo.

Gari la ushirika wa kinamasini, dereva yule yule, matope yale yale. Evlogi alikuwa amewapigia simu bila kuniambia — eti aliuliza tu kama wana kondoo. Magunia ya sufu nyeupe, imeoshwa mtoni mara mbili, imechambuliwa kwa mkono. Bibi Kerana katuma neno kwa dereva: waambie humo hakuna uzi, tumekagua, na watoto wa kijiji tumewafukuza wasije wakaweka kitu.

Tumeiosha tena kwa spiriti. Vizimba vinaingia kesho.

Jumapili, 30 Aprili

Maji yamezunguka siku zote hizi. Leo kizimba cha mwisho kimetoka na sufu nyeupe kama ilivyoingia. Yaani hakuna cha kunasa tena. Tuliiweka chini tukaitazama kama watu walioletewa mtoto. Cha kwanza kilikuwa chekundu kama damu.

Formalini: hakuna zambarau. Nimerudia. Nimempa Dochev arudie kwa mkono wake.

Mtu wa wizara atakuja baada ya gwaride la Mei Mosi. Tumepoteza kidogo, si nusu. Sasa spiriti na baridi.

Jumamosi, 6 Mei

Fuwele nyeupe. Sungura tuliowachoma dawa hiyo kuijaribu ni wazima, wanakula. Mtu wa wizara alikagua kila kitu, akauliza sufu ya waridi itapelekwa wapi. Evlogi akasema mkewe ameshaiomba, anataka soksi. Imechomwa, bila shaka. Ilikuwa na dawa kidogo.

Nimesaini. Baadaye nilipanda tramu na koti la maabara bado mwilini, na Metodi aliyekuwa akiiendesha aliniona kwenye kioo akaniruhusu nishuke pasipo kituo.

Lakini kidole kimekufa. Wiki tatu sasa. Daktari Mutafova ameacha kuandika, na hilo ni baya zaidi.

Alhamisi, 11 Mei

Hospitali. Naandika nimesimama ukumbini, daftari juu ya dirisha.

Boksi la kwanza limefika wodini asubuhi. Dochev alipiga simu kila mahali mpaka wakakubali baadhi ya dawa ibaki mjini. Hakunieleza, nimesikia kwa Mutafova. Vichupa vya kahawia, vimelala kwenye pamba. Nilikuwa nimesahau kwamba havionyeshi kitu. Nimetumia mwezi mzima nikipigana na rangi, na sasa mtu anayetazama kichupa cha dawa safi na kichupa cha dawa iliyofichwa rangi hana njia ya kujua. Ana saini yangu tu.

Daktari Mutafova kaniita ofisini kwake. Kasema hivi: dawa imesafishwa kwa njia ambayo haijawahi kutumika, sungura ni sungura, lazima aanze mtoto mmoja, wengine wangoje hadi kesho. Wazazi wa chumba kile wamesikia habari za waridi, Sofia haina siri. Hakuna anayetaka wake awe wa kwanza. Akaniuliza: nianze na nani?

Nikasema, na wangu.

Akaniuliza kama nimezungumza na baba yake. Metodi alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya tramu mkononi. Akasema, mke wangu ndiye mkemia. Kisha akaja akasimama karibu nami mpaka bega likagusa bega.

Nikaomba kitu kimoja. Kichupa kivunjwe mbele yangu. Akakivunja, akavuta dawa kwenye sindano ya kioo, akaiinua dirishani. Tukatazama wote watatu. Ilikuwa kama maji.

Kalina kauliza, mama, ndiyo ile nyekundu? Nikamwambia ilikuwa nyekundu, kuna bibi mmoja katuma sufu ya kuisafisha. Kauliza bibi huyo ana korongo? Anao wengi, nikasema. Amefikiri. Kanyoosha mkono wa kushoto, uzi bado upo, waridi yote, umelegea kwa kuwa mkono umekonda. Kasema, mwambie aniwekee mmoja asiondoke mpaka nifike.

Wamemgeuza kifudifudi. Muuguzi ni mpya, kaja leo tu kutoka wodi nyingine, hajui kwamba mguu ule hausogei. Kaita kutoka ndani, kwa mazoea, kama anavyoita mama wote:

— Mama, njoo umshike miguu asije akarusha teke.

Mutafova kageuka kumkemea. Nimemwashiria aache.

Nakwenda. Nitaishika. Na arushe.